Miaka Sita ya Mrija Shingoni mwa Rukia

Nimeombwa niwaandikie nyinyi vijana mnaoanza kazi ya uuguzi maneno ya kuwatia moyo. Maneno hayo sinayo. Mwezi uliopita nilimpeleka mjukuu wangu zahanati, anakohoa. Kijana aliyekaa mezani, shati limenyooshwa vizuri, hakunyanyua hata macho.

"Bibi, mtoto ana nini?"

Nikamwambia anakohoa. Akaandika, akanisukumia karatasi.

"Mwanangu," nikamwuliza, "hujamgusa, hujamsikiliza. Umeandika nini hapo?"

"Nimonia, bibi. Ndiyo msimu wake."

Msimu! Kama maembe!

Nilirudi nyumbani nimechukia mpaka chai ikanishinda. Na kilichoniudhi zaidi si yule kijana. Ni kwamba mimi mwenyewe, nilipokuwa na umri wake, niliandika neno moja kwenye kadi ya mtoto mmoja mara saba, na mara zote saba nilikosea. Kwa hiyo kaeni niwasimulie. Mkichoka, vumilieni. Mimi nimewavumilieni vya kutosha.

Mtoto huyo aliitwa Rukia. Alizaliwa miaka michache baada ya Azimio la Arusha, wakati vijiji vya ujamaa ndiyo kwanza vinapangwa, na mimi nilikuwa nesi wa zahanati ya vyumba viwili upande wa Miburani, kisiwani Mafia, si mbali na Kilindoni. Mama yake, Mwanaidi, alikuwa binti mdogo tu, msusi wa mikeka. Baba yake, Seif, alikuwa mkwezi wa minazi. Mwanaidi alimleta mara ya kwanza akiwa na miezi miwili, kamfunga kwa kanga kifuani.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba. Ana nini?"

"Anakoroma."

"Watoto wote wanakoroma."

"Anakoroma macho yakiwa wazi, nesi."

Nyinyi mngefanya nini? Mimi nilicheka. Kisha nikaweka kipimo changu cha masikioni kifuani pake, nikasikia mluzi, nikaandika "pumu", nikampa vidonge vya kusaga, nikamwita anayefuata. Nilikuwa na foleni ya watu arobaini mpaka nje kwenye mkorosho, na nilikuwa najiona hodari kwa sababu naimaliza kabla ya adhuhuri. Hodari! Hata mwenye kupura mpunga anaangalia anachopura.

Akarudi baada ya wiki mbili. Pumu. Akarudi tena na homa. Pumu na sindano za penisilini. Kila mafua yakipita kijijini, Rukia alikuwa wa kwanza kuletwa na wa mwisho kupona. Haongezeki uzito. Akinyonya anaacha, anahema, ananyonya, anaacha. Mama mkwe wake Mwanaidi alimvusha mpaka kisiwa cha Juani, kule kwenye magofu ya Kua, akaomba dua na kuteketeza ubani. Niliposikia nikamgombeza Mwanaidi nusu saa nzima kwamba anampeleka mtoto kwenye moshi. Alinisikiliza kwa adabu, halafu akasema, "Na kwako nimemleta mara sita, nesi." Nikamwambia asinijibu hivyo. Nikaandika pumu mara ya saba.

Sasa niwaambie habari za Mzee Kombo. Huyu alikuwa dresa wetu, mtu wa makamo aliyejifunza kazi vitani huko Burma, akifunga vidonda vya askari. Cheti hakuwa nacho, na mimi mwenye cheti changu kipya nilikuwa namtuma kuchemsha sindano. Siku ile ya mara ya saba alikuwa anapanga chupa nyuma yangu. Mwanaidi alipokuwa anatoka, akamwita arudi, akamchukua mtoto, akakaa naye kwenye kigoda, akafumba macho. Hakugusa kipimo. Akasikiliza tu kwa muda mrefu, mpaka mimi nikaanza kupiga kalamu mezani.

"Binti," akaniambia, "pumu inapiga mluzi wakati gani?"

"Mtu akitoa pumzi."

"Huyu anapiga wakati gani?"

Nikasikiliza. Lo! Alikuwa anakwaruza akivuta na anakwaruza akitoa, kwenda na kurudi kama msumeno kwenye gogo. Kile kishimo juu ya kidari kilikuwa kinazama kila akivuta pumzi, na mbavu zinachoreka.

"Umesikiliza mapafu," akasema Mzee Kombo. "Shingo umemwachia nani?"

Nilitaka ardhi inimeze. Akatoka nje, akakata majani mawili ya mpapai, moja bua lake nene, jingine jembamba la jani changa. Akaniamuru nipumue kwa mdomo kupitia bua nene, pua nimezibana. Haya, nikapumua. Kisha lile jembamba. Nikapumua mara nne, mara tano, kijasho kikanitoka, mara ya kumi nikalitupa chini.

"Wewe umetupa," akasema. "Yeye hana pa kutupa. Ndilo alilozaliwa nalo."

Hiyo ndiyo elimu ya kwanza ninayowapa, na ni ya bure. Mtoto mwenye mlio wa namna hiyo tangu kuzaliwa, mlio wa kuvuta na kutoa, asiyepona pumu wala nimonia yake, tazameni shingo. Msimlaze chali kwa nguvu. Msimpe dawa ya usingizi eti atulie. Msimpanue mdomo kwa kijiko kumchungulia koo akiwa anahangaika. Mwacheni mikononi mwa mama yake, amekaa, kidevu kimeinuka. Njia ya hewa ya mtoto mchanga haizidi unene wa bua lile. Ikivimba unene wa ukucha tu kwa sababu ya mafua, nusu ya njia imekwenda. Ndiyo maana Rukia alikuwa anaugua kwa kila mafua. Na mimi nilikuwa nampa vidonge.

Nikaandika barua ya kumpeleka Dar es Salaam. Mnadhani ilikwisha hapo? Kwanza nilipaswa kupata ruhusa ya mwenyekiti wa kijiji, kwa sababu ilikuwa juma la kazi ya shamba la pamoja na jina la Mwanaidi lilikuwamo kwenye orodha.

"Mtoto anaumwa nini?" mwenyekiti akauliza.

"Njia yake ya hewa ni nyembamba."

Akafikiri. "Nesi, mtoto mwenyewe ni mdogo. Ulitaka njia iwe pana namna gani?"

Nilihesabu mpaka kumi. Nikamwomba anifuate zahanati asikilize mwenyewe. Akaja, akasikiliza, uso ukambadilika. Aliandika ruhusa amesimama. Kumbe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hajasikiliza, kama mimi.

Siku ya ndege kuja, tukaenda uwanja wa Kilindoni, mimi, Mwanaidi na Rukia wa miezi kumi. Rubani akamsikia mtoto kabla hajamwona. Akasema huyo ana kifaduro, ataambukiza abiria, hapandi. Abiria wenyewe walikuwa watatu, na nyuma yao makapu ya kamba wanaopelekwa mjini. Nikamwambia kifaduro kina mlio wake na huu sio. Akasema yeye ndiye mwenye ndege. Nikamwambia na mimi ndiye mwenye barua. Tukasimama tunatazamana juani. Mwisho abiria mmoja, mzee wa Kihindi mwenye duka la nguo pale Kilindoni, akaingilia kati: "Rubani, mimi nakaa karibu na mtoto. Nikiambukizwa, nitakuwa nimeambukizwa mimi." Akapanda, akampisha Mwanaidi kiti cha dirishani. Njia nzima alishika kofia yake mapajani na kumtazama Rukia akivuta pumzi, na kila pumzi ikiingia naye anavuta.

Hospitali kubwa ya Dar ilitupokea baada ya siku mbili za kukaa kwenye benchi. Daktari wa upasuaji aliitwa Lema, mtu mrefu, mpole, mchovu. Alimtia Rukia usingizi, akamwingiza chombo chenye taa kooni, akachungulia. Alipotoka alituchorea kwenye mgongo wa bahasha. Chini kidogo ya pale sauti inapotokea, njia ya Rukia ilikuwa imebanwa na gegedu lililozunguka lote kama pete, tangu tumboni mwa mama yake. Chini ya hapo njia ilikuwa nzuri.

"Kuna namna mbili," akasema. "Kukata kipande kilichobana na kuunganisha ncha mbili. Hilo nimeliona nilikosomea, sista. Kwa mtoto wa umri huu, sikuona wengi waliorudi nyumbani. Namna ya pili ni kutoboa shingo chini ya palipobana, tuweke mrija apumulie hapo, tungoje akue."

"Angoje mpaka lini?" Mwanaidi akauliza.

"Miaka."

"Akiwa na mrija, atasema?"

Daktari akatazama ile bahasha. "Hapana, mama. Hewa haitapita kwenye sauti."

"Atalia?"

"Machozi yatatoka. Sauti, hapana."

Mwanaidi akamfunga mtoto kifuani. "Basi tunarudi Mafia. Mtoto asiyelia sitamjua anataka nini."

Nilimgombeza. Ndiyo, nilimgombeza pale koridoni mbele ya watu, eti mjinga, eti atamwua mwanawe. Daktari Lema akanivuta pembeni. "Sista, mimi na wewe tukimaliza kazi tunakwenda nyumbani. Yeye ndiye atakayekaa na huo mrija. Mpe leo afikiri."

Hakupata leo nzima. Mchana ule ule Rukia, ambaye alikwishaanza mafua njiani, akabanwa. Midomo ikageuka rangi ya zambarau, macho yakamtoka, mlio ule wa msumeno ukazidi, halafu ukaanza kufifia. Jueni hili: mlio ukififia na mtoto bado anahangaika, hajapona, amechoka. Mwanaidi alikimbia naye mwenyewe mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, akampa daktari mikononi, akasema, "Toboa."

Alipotolewa, alikuwa amelala na mrija wa fedha shingoni, na chumba kilikuwa kimya. Kwa miezi kumi yule mtoto hakuwahi kulala bila kukwaruza. Mwanaidi aliinamisha sikio kwenye ule mrija, akasikia pumzi inaingia na kutoka, nyepesi, kama mtu anayepoza uji. Akaniuliza, "Ndivyo wenzake wanavyopumua?" Nikamwambia ndiyo. Akakaa kitako sakafuni.

Tulikaa mwezi mzima pale, Mwanaidi akifundishwa. Mrija wenyewe ni miwili: wa nje umefungwa kwa utepe shingoni, na wa ndani unachomolewa, unasuguliwa, unachemshwa, unarudishwa. Utepe uingize kidole kimoja. Viwili ni legelege, mrija utachomoka. Ukikosa hata kimoja, unamnyonga. Kitambaa chepesi chenye unyevu mbele ya tundu, vumbi lisiingie na makohozi yasikauke. Asikae kwenye mchanga wenye upepo. Bahari, hata ya magotini, marufuku. Daktari alimpa Mwanaidi mrija wa akiba kwenye kikopo, akamfundisha kuubadilisha wote, wa nje na wa ndani, mara tano, mara kumi, mpaka mikono ikazoea.

Na hapa naanza kuona aibu.

Tuliporudi, niliona si sawa. Mimi nimesoma miaka mitatu, nimevaa kofia, na binti wa kusuka mikeka ndiye anachomoa mirija shingoni mwa mtoto? Nikaweka sheria. Rukia aletwe zahanati asubuhi na jioni, nisafishe mimi. Mama asiguse. Na ule mrija wa akiba niliutaka niufungie kabatini. Sheria ya kwanza Mwanaidi aliifuata. Ya pili aliikataa.

"Daktari alinipa mimi mkononi," akasema. Kikopo alikifunga kwenye pindo la kanga, na kila aendako anacho.

Nilimchukia kwa hilo. Mzee Kombo aliniambia, "Binti, mtoto akizibwa atazibwa nyumbani, hatazibwa saa za kazi." Nikamwambia achemshe sindano.

Niwape pia jambo moja ambalo hakuna kitabu kilinifundisha. Mtoto asiyetoa sauti hawezi kumwita mtu. Mwanaidi alikuwa akisuka barazani, Rukia anatambaa nyuma yake, akianguka hasikiki, akiumia hasikiki. Basi akamfunga njuga mguuni, zile za ngoma. Mtoto akitaka kitu anapiga mguu chini. Kwa njaa alipiga hivi, kwa hasira vile, na mama yake alizijua zote. Watu walikuja kumtazama kama kituko. Wengine walisema ana jini. Mwalimu wa shule alisema hataweza kusoma kwa kuwa hatajibu maswali, na nikamwuliza kama kuandika nako kunahitaji koo. Nilikuwa nagombana na kijiji kizima kwa ajili ya Rukia. Nilijiona mtetezi wake mkubwa.

Rukia alipokuwa na miaka mitatu hivi, tukaletewa habari kwamba kiongozi mmoja mkubwa anakuja kukagua kijiji. Wiki nzima hapakuwa na kazi nyingine. Mawe yakapakwa chokaa. Wanawake wakafundishwa nyimbo. Mimi niliambiwa nisimame mstari wa mbele, sare imepigwa pasi. Asubuhi ya siku yenyewe Mwanaidi akamleta mtoto kama kawaida. Nikachomoa mrija wa ndani, nikautia kwenye sufuria jikoni, unachemka. Mjumbe akaingia mbio: "Nesi! Mgeni keshafika Kilindoni! Mnangojwa nyinyi!"

Nikatoka mbio. Nilimwambia Mwanaidi, "Nenda uwanjani, tutamalizia baadaye." Mgeni alifika saa sita. Hotuba zikaanza. Tumesimama juani, vumbi linatimka, na mimi nimejinyoosha kama mlingoti, nafikiria sare yangu.

Nikasikia kelele upande wa wanawake. Nilipofika pale, nilikuta duara limefanywa na Rukia amelazwa mapajani mwa mama yake, zambarau, njuga zinapiga, zinapiga, zinalegea. Mrija wa nje ulikuwa umeziba kwa makohozi na vumbi, na wa ndani, ambao kazi yake ni kuchomolewa ukiziba, haukuwamo. Ulikuwa unachemka kwenye sufuria yangu.

Nilisimama. Miaka mitatu ya chuo, na nilisimama! Mwanaidi hakunitazama. Alikata utepe kwa kisu chake kidogo cha kuchania ukindu wa mikeka, akauvuta mrija mzima, akafungua kikopo, akainua kidevu cha mtoto, akausukuma mrija wa akiba kwa kuzungusha mkono kidogo, vile vile kama alivyofundishwa. Kohozi likaruka. Pumzi ikaingia. Ikaingia nyingine. Kule mbele kipaza sauti kilikuwa kinaendelea kutuhimiza habari za kujitegemea, na watu wakapiga makofi.

Mwanaidi alifunga utepe mpya, akaingiza kidole kimoja kupima. Ndipo akanyanyua uso.

"Nesi," akasema, taratibu tu, "wa ndani uko wapi?"

Nimegombezwa na madaktari, nimegombezwa na mabwana wa wizara. Hakuna kilichonikata kama yale maneno manne.

Jioni ile nilikwenda kwake. Nikamwomba radhi mbele ya mumewe na mama mkwe wake, nikiwa nimekaa chini mkekani. Mwanaidi akaniambia, "Yamekwisha. Lakini kesho usimfundishe mtu mwingine kukungojea wewe." Tangu siku ile nilimfundisha kazi ile kila aliyetaka na asiyetaka: Seif na mikono yake ya mkwezi, migumu kama kifuu, bibi wa mtoto, yule mwalimu, hata mwenyekiti. Utepe tulikuwa tukikatiwa na yule mzee wa duka la nguo, utepe mweupe wa kushonea gauni za ndani, kila nikienda Kilindoni akiuliza, "Pumzi yake inaendeleaje?"

Rukia alipofika miaka saba, Daktari Lema akaandika barua. Alikuwa amerudi kutoka masomoni, na sasa hospitali ilikuwa na chumba cha kuangalia wagonjwa wazito na mashine ya kupumulia. Alitaka kukata kile kipande. Tukaenda. Seif naye akaja.

Wodini tulimkuta mama mmoja kutoka bara, na mtoto wake wa kiume wa miaka miwili, Yohana. Yeye hakuwa na pete moja kama Rukia. Njia yake yote, kuanzia juu mpaka inapogawanyika, ilikuwa nyembamba. Mrija wa shingoni usingemsaidia, kwa sababu chini yake pia hapakuwa na upana. Mwanaidi na yule mama walikaa pamoja siku nne, hawakuwa na cha kufanana ila ile sauti ya msumeno, maana Mwanaidi alipomsikia Yohana aliinuka mara moja, kama aliyeitwa jina.

Nilimwuliza daktari, kwa ukali, "Watapona?"

"Kwa Rukia nina matumaini. Yohana... Sista, nikikwambia najua nitakuwa nakudanganya. Nikimwacha, mafua yajayo yatamchukua. Nikimpasua, huenda nitamchukua mimi."

Niliudhika naye. Nilitaka daktari anayejua. Sasa nimezeeka, na ninawaudhikia wale wanaojua kila kitu.

Walipasuliwa juma moja, siku mbalimbali. Yohana alitoka hai kwenye chumba cha upasuaji, na kijana mmoja daktari akaja kutuambia operesheni imefanikiwa. Msilitumie neno hilo mapema, nawasihi. Siku ya tatu pale palipounganishwa paliachia, na Yohana akafariki kabla ya chakula cha mchana. Mama yake hakuwa na ndugu mjini. Mwanaidi alitoa mkeka mpya aliokuwa amemsukia daktari kwa shukrani, akamfunikia mtoto yule, akakaa na mama yake mpaka gari likaja. Kisha akarudi kukaa na Rukia.

Rukia alikuwa amelala na kidevu chake kimeshonwa na kifua. Ndiyo, kimeshonwa, kwa uzi mnene, nyuzi mbili. Msishtuke. Njia ikikatwa kipande inakuwa fupi, na mtoto akiinua kichwa atavuta mshono uachie. Basi wakamzuia asiangalie juu siku kumi. Mtoto wa miaka saba, siku kumi, anatazama kifua chake mwenyewe! Dawa za kumlaza hazikutosha. Mwanaidi alimpa ukindu afanye ukili, ule mkanda unaoshonwa kuwa mkeka, kwa kuwa kusuka ndiyo kazi pekee ambayo mtu huifanya akiwa ameinama. Rukia akasuka. Manesi wa wodi walikuja kumtazama. Alisuka ukili mrefu ukazunguka kitanda mara mbili, na kila akikohoa sisi sote tuliganda.

Siku ya kumi na moja wakakata nyuzi. Wiki ya tatu daktari akachungulia tena kwa ile taa, akatoka, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile nikamwona ametabasamu. Akachomoa mrija. Akaweka kitambaa kwenye tundu, akabonyeza kwa kidole.

"Haya, Rukia. Sema."

Rukia hakujua kusema kunaanzia wapi. Alifungua mdomo, akafunga. Akamtazama mama yake. Kikatoka kitu kama mlango wenye kutu. Akashtuka, akaziba mdomo kwa mikono miwili, akadhani amevunja kitu.

Sauti yake haikuwahi kuwa nyororo. Ilibaki nzito, yenye mchanga, na tundu shingoni lilichukua miezi kuziba na likaacha kovu. Alijifunza maneno kama mtoto mchanga, mwaka mzima, na mimi nikimkosoa na yeye akinikunjia uso. Kila mafua mama yake alimsikiliza kifua, na mara mbili tulirudi Dar akapanuliwe kidogo. Ndivyo upasuaji ulivyo. Kisu ni cha siku moja. Yaliyobaki ni ya nyumbani, na ndiyo mengi.

Siku moja, Rukia akiwa na miaka tisa, nimekaa zahanati nasikiliza kifua cha mzee mmoja, mbele na nyuma, bila haraka, Mwanaidi akaingia moja kwa moja bila hodi. Macho mekundu, kanga imemdondoka begani.

"Nesi, Rukia kanijibu!"

"Kakujibu nini?"

"Nimemtuma maji, kanijibu! 'Nenda mwenyewe!' Mbele ya watu! Kwa sauti!"

"Ukamfanya nini?"

"Nikamfinya," akasema, "akalia. Akalia, nesi, mpaka kwa jirani wa tatu wakatoka nje. Wakaniambia mnyamazishe mwanao." Akajifuta uso kwa pindo la kanga, akacheka, akashindwa kuendelea. "Nikakaa kitako pale pale. Nikamsikiliza."